Picha ina madoa, imepauka au ina ukungu: kutafuta tatizo la lenzi kwenye vumbi la Dodoma

Mvua ikikatika mwishoni mwa Aprili, Dodoma inaanza kukauka, na kufikia Julai upepo wa kusini-mashariki umeshika kasi. Kuanzia hapo mpaka mvua zirudi Desemba, mpiga picha wa hapa anafanya kazi ndani ya vumbi. Liko njia ya Mtumba, liko Uwanja wa Jamhuri, liko kwenye mashamba ya zabibu, na siku ya harusi akina mama wanalitimua wenyewe wanapocheza mbele ya gari la maharusi. Lenzi kuingia vumbi hapa ni jambo la kawaida. Kinachoniuma ni lenzi nzima kuharibiwa na mwenyewe: ameona doa kwenye picha, akakunja pindo la shati, akasugua kioo cha mbele kwa nguvu, na doa likabaki palepale kwa sababu halikuwa kwenye kioo hicho.

Kwa hiyo hapa tunaanza na picha. Dalili kwanza, chanzo baadaye, mkono mwisho kabisa.

Vumbi letu lina nini

Nyanda za kati zimekaa juu ya miamba ya itale, hiyo mawe makubwa unayoyaona yamejitokeza kuanzia Dodoma mjini mpaka Singida. Itale ikimomonyoka inaacha mchanga wenye chembe nyingi za madini ya kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi ina 7, wakati kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Maana yake chembe moja ya mchanga wa Ipagala ikinaswa kati ya kitambaa na kioo inachimba, hata kama kitambaa chenyewe ni laini na cha bei mbaya.

Juu ya kioo kuna utando mwembamba sana uliopakwa kiwandani kupunguza mwanga unaorudishwa. Kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila upande, na ndani ya lenzi moja kunaweza kuwa na vioo zaidi ya kumi. Bila utando huo picha ingekuwa na weupe mtupu. Ule ung'avu wa kijani au zambarau unaouona ukiinamisha lenzi dirishani ndio huo utando, na ndicho kitu cha kwanza kuliwa na kusugua kwa kila siku.

Ndiyo maana mpangilio wa kusafisha ni mmoja tu, nao haubadiliki: hewa, brashi, kisha kitambaa kama bado kuna haja. Elekeza lenzi chini ili kinachoachia kidondoke, bonyeza blowa ya mpira mara kadhaa ukizungukia ukingo, kwa sababu mchanga hupenda kujificha pale kioo kinapokutana na pete ya plastiki. Sasa washa tochi ya simu, imulike kioo kwa ubavu. Chembe ambazo ulikuwa huzioni zitawaka kama nyota. Zile zilizogoma ziondoe kwa brashi laini ambayo hujawahi kuigusa nywele zake kwa vidole, maana vidole vina mafuta na brashi itakwenda kuyapaka. Puliza tena, mulika tena. Mara nyingi kazi imeishia hapo. Vumbi dogo lililobaki halionekani kwenye picha, liache.

Kama kuna alama ya kidole au mafuta, hapo ndipo kitambaa cha maikrofaiba kinapoingia. Dondosha tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa. Usidondoshe juu ya kioo, kwa sababu maji hutambaa mpaka ukingoni na kupenya ndani. Zungusha taratibu kutoka katikati kwenda nje, mkono mwepesi, halafu malizia na upande mkavu wa kitambaa. Ukiwa porini huna dawa, pumzi ya mdomo inatosha kulainisha alama ya kidole, lakini baada ya kupuliza vumbi, si kabla.

Vidoa vyeusi visivyohama

Umepiga mahafali Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), anga la buluu, na kila picha ina kidoa cha kijivu pembeni juu, mahali palepale. Hii ndiyo kesi inayoharibu lenzi nyingi bila sababu. Badilisha lenzi, piga tena. Kidoa kikibaki, lenzi haina kosa. Vumbi liko kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha.

Kuthibitisha: weka f/16 au f/22, yaani tundu dogo la lenzi la kupitisha mwanga, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ndogo, toa fokasi makusudi, piga anga tupu au ukuta mweupe. Vidoa vitajitokeza wazi. Rudi f/2.8 au f/4, tundu kubwa, na vitafifia au kupotea kabisa, na ndiyo sababu watu wa picha za watu wanaweza kukaa na sensa chafu miezi bila kujua, kisha wakaenda kupiga mandhari ya Kondoa wakashtuka. Vumbi la kioo cha mbele halifanyi hivyo. Liko karibu mno na lenzi yenyewe kiasi kwamba haliwezi kuchora umbo kwenye picha.

Picha huangukia sensa ikiwa kichwa chini. Kwa hiyo kidoa kilichoko juu kwenye picha kiko chini kwenye sensa. Cha kushoto kinabaki kushoto ukiitazama sensa kwa mbele.

Anza na usafi wa ndani wa kamera yenyewe, ule wa kutikisa sensa, kama inao. Ukishindwa, chaji betri ijae, ingia kwenye menyu ya kusafisha sensa ili kioo cha kuakisi cha ndani kinyanyuke, shika kamera mdomo ukitazama chini na upulize kwa blowa bila kuingiza ncha yake ndani. Fanya hivyo chumbani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Vikibaki, kuna vijiti maalumu vya kusafishia vinavyouzwa kwa ukubwa wa sensa na dawa yake. Pamba za masikioni na spiriti ya duka la dawa hazifai hapo hata siku moja.

Na jamani, kompresa ya fundi tairi si blowa. Nimeona kamera zinapelekwa pale kando ya barabara zipulizwe kwa shilingi mia tano. Tangi la kompresa linakusanya maji na mafuta, na hewa yake inayatoa yote hayo kwa kishindo: vumbi linasukumwa ndani zaidi na juu yake unapata matone ya oili. Mikebe ya hewa nayo ina shida yake. Ukiiinamisha inatema kimiminika cha baridi kinachoacha doa.

Vumbi huingia kwenye sensa wakati wa kubadilisha lenzi. Zima kamera, ugeuzie upepo mgongo, mdomo wa kamera utazame chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi imeshafunguliwa kifuniko cha nyuma. Ukiona chamchela inakuja, subiri ipite. Ukienda Kolo kupiga picha za michoro ya mapangoni, hiyo iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, chagua lenzi moja pana kabla hujashuka kwenye gari, ubaki nayo. Lenzi mbili kwenye kamera mbili ni raha zaidi, kwa mwenye uwezo.

Picha imepauka, hasa ukielekea jua

Hapa ndipo kioo cha mbele kinaposhtakiwa kwa haki, lakini kuna washukiwa wengine. Rangi nyeusi imekuwa kijivu, uso wa mtu umefunikwa na weupe, na ukigeukia upande mwingine picha inarudi sawa.

Kwanza toa filta, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi, kama ipo, upige tena picha ileile. Picha ikikaa sawa, tatizo ni filta: ama ni chafu, ama ni ile ya bei poa isiyo na utando. Ikiwa bado, mulika kioo cha mbele kwa tochi. Vumbi la kawaida likitawanyika linaweza kupausha kidogo ukielekea jua, lakini mafuta ndiyo mabaya zaidi, alama ya kidole au losheni iliyosambazwa na pindo la shati. Kisha angalia kioo cha nyuma. Watu wengi hawakikagui kabisa, na ndicho chenye madhara makubwa, kwa sababu kiko karibu na sensa na mwanga wote unapita kwenye eneo dogo. Alama moja ya kidole hapo inatosha kulainisha picha nzima.

Vioo vyote viwili vikiwa safi na bado picha imepauka, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, mulika tochi upande mmoja na utazame kupitia upande wa pili. Ukiona ukungu mwembamba uliotanda sawasawa, ni mvuke wa grisi ya ndani, na hiyo ni kazi ya fundi. Ukiona vumbi chache zilizotawanyika, funga macho uendelee na kazi. Kila lenzi ya hapa inazo, na kuifungua ili kuzitoa huleta hasara kuliko zenyewe.

Ikiwa kila kitu ni safi, basi ni jua tu linalopiga kioo kwa ubavu. Hudi, lile kola jeusi la mbele, ndiyo dawa yake. Mimi ningemwambia mtu anunue hudi kabla ya filta. Inakinga jua, inakinga vidole vya watoto, na kamera ikidondoka inapokea pigo kwanza.

Taa za ukumbini zina vivuli vyake

Send-off ya usiku, balbu zimewaka juu, na kila balbu ina kivuli chake cha kijani upande wa pili wa picha. Ni mwanga unaogonga sensa, unarudi kwenye filta bapa ya mbele, unarudishwa tena. Toa filta. Hakuna cha kusafisha hapo.

Swali la filta ya UV linabishaniwa sana, na jibu langu linategemea mahali. Kwenye mashindano ya ng'ambo ya mji, kwenye mnada wa ng'ombe, kwenye pikipiki kwenda Mvumi, nafunga, kwa sababu nitapuliza na kufuta mara nyingi siku hiyo na ni heri nichoshe filta. Ukumbini nafungua. Tena kuna lenzi kama Canon 17-40mm f/4L ambazo kinga yake dhidi ya vumbi na maji hukamilika ukifunga filta mbele. Kwa hizo haina mjadala.

Filta ikigoma kutoka, chembe za mchanga zimeingia kwenye hesi. Ukiibana kwa nguvu za vidole viwili unaipinda kidogo na inazidi kukaza. Vingirisha mpira mpana wa kufungia karatasi kuizunguka, shika kwa vidole vyote kwa nguvu sawa, zungusha taratibu. Ikitoka, piga mswaki mkavu kwenye hesi zote mbili, lenzi ikitazama chini.

Ukungu wa ghafla

Kioo cha baridi kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, unyevu unageuka matone ya maji juu yake. Kiangazi hewa yetu ni kavu mno, kwa hiyo tatizo hili utaliona zaidi Januari hadi Machi ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda kupiga picha za nje, au asubuhi ya Julai ukitoka kwenye baridi la uani na kuingia jikoni kwenye masufuria ya pilau. Ukipanda treni ya SGR kwenda Dar, kiyoyozi cha behewa na hewa ya pwani vinafanya kazi ileile ukishuka tu kituoni.

Usifute. Ukungu huo utarudi baada ya dakika, na wakati huo utakuwa umesugua vumbi lililolowa, ambalo ni tope. Usibadilishe lenzi pia, utaukaribisha unyevu ndani. Dawa ni kuuzuia: kabla hujatoka, ifunge kamera ndani ya mfuko wa nailoni au ibaki kwenye begi lililofungwa zipu, ipate joto polepole kwa nusu saa hivi. Matone yatakaa juu ya mfuko.

Nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi

Hiyo ni fangasi. Inapenda giza, hewa iliyosimama na unyevu unaozidi kama asilimia 60 kwa muda mrefu, kwa hiyo lenzi iliyokaa Dodoma tangu mwanzo iko salama kuliko ya Tanga au Zanzibar. Ninaowaona nayo ni walionunua lenzi ya mtumba kutoka pwani, au waliorudi na kamera imelowa wakaifungia kwenye begi la ngozi msimu mzima wa mvua.

Mulika tochi kama nilivyoeleza. Fangasi ina matawi na mzizi, ukungu wa grisi hauna. Ikiwa ndogo na pembeni, picha inaweza isioneshe chochote, lakini haitakaa ndogo. Inatoa tindikali inayokula utando na hatimaye kioo, na ikishafikia hapo fundi atasafisha ila kovu litabaki. Itenge na lenzi nyingine, ipeleke mapema. Na kabla hujamlipa muuzaji wa mtumba yeyote, toa tochi mfukoni.

Kwa kuhifadhi, sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu linatosha. Silika za rangi hubadilika zikishiba unyevu, na ukizipasha moto mdogo zinarudi rangi yake ya mwanzo.

Pete ya zumu inasaga

Ukisikia krr-krr, acha hapohapo. Kila mzunguko ni msasa ndani. Lenzi zinazorefuka, kama 18-55mm, zinavuta hewa ya nje zikitoka, na vumbi lililokaa juu ya bomba la ndani linaingia zikirudi. Lenzi ikiwa imerefuka, puliza na upige brashi bomba lote na nafasi ya pete, lenzi imesimama wima kioo kikitazama chini. Ikiendelea kusaga, mchanga umeshafika kwenye grisi. Usiweke oili ya cherehani wala ile ya kupuliza kwenye vyuma vyenye kutu. Itatiririka mpaka kwenye mabapa ya tundu la lenzi, vile vibamba vinavyolifungua na kulifunga, na hapo utakuwa umejitengenezea dalili inayofuata.

f/4 sawa, f/11 nyeupe mno

Mabapa ya tundu yamenata kwa mafuta, yanachelewa kujifunga, mwanga unazidi. Chanzo kikubwa kwetu ni kamera kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani: grisi inalegea na kusambaa. Fundi tu.

Kamera haiitambui lenzi

Canon inaandika Err 01, Nikon inaonyesha F-- pale penye namba ya tundu. Mara nyingi ni vumbi au jasho kwenye vile vidoti vya dhahabu. Zima kamera, toa lenzi, futa vidoti vya lenzi kwa kitambaa kikavu, na vikigoma tumia kitambaa chenye unyevu mdogo wa isopropili, alkoholi ya kusafishia, viachwe vikauke. Raba ya penseli wengine wanaipenda. Mimi siipendi, inakula dhahabu na vipande vyake vinaanguka ndani ya kamera.

Dawa zipi, vitambaa vipi

Dawa ya lenzi ya dukani ni salama. Isopropili safi inafaa kwa tone. Spiriti ya rangi inaacha mabaki. Asetoni, yaani dawa ya kutolea rangi ya kucha, inayeyusha plastiki na rangi ya lenzi. Dawa ya meno ina chembe za kusagia, na anayekuambia inaondoa mikwaruzo anakuharibia utando wote. Kitambaa kifue kwa sabuni ya maji, bila ile ya kulainisha nguo, kianike ndani mbali na upepo, kisha kiishi kwenye mfuko wake wa zipu. Kikidondoka chini, hata mara moja, kimetoka kazini mpaka kifuliwe. Kiangazi, kusugua kwa kitambaa kikavu huleta umeme tuli unaovuta vumbi upya. Ukiona kioo kinachafuka dakika mbili baada ya kufutwa, rudi kwenye blowa.

Kwa wa simu: taa zikitoa miale mirefu na nyuso zikiwa na weupe, ni mafuta ya mfukoni na shavuni. Puliza, kisha futa kwa kitambaa cha miwani. Kioo cha nje cha lenzi kikipasuka, mafundi simu wengi hubadilisha hicho kioo peke yake bila kugusa kamera.

Mkwaruzo umeshatokea

Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele haupunguzi ukali wa picha kwa kiasi utakachokiona. Utauona ukielekea jua au taa, basi. Wapo wanaoujaza ule mkubwa kwa wino mweusi ili usirushe mwanga, na inasaidia kweli. Mikwaruzo mingi midogo ya mzunguko, ile inayotokana na pindo la shati, inapausha zaidi ya mmoja mrefu. Kwenye kioo cha nyuma hata mmoja una madhara.

Ukifika kwa fundi, usimwambie "nisafishie lenzi." Mpelekee picha mbili, moja ya f/4 na moja ya f/16 za ukuta mweupe, umweleze dalili ilianza lini na lenzi imetoka wapi. Kabla hajafungua, muulize kama anaweza kurudisha vioo katikati ya mstari wake baada ya kuvitoa, kwa sababu kioo kilichokaa upande kinaacha nusu ya picha ikiwa na ukungu, na hilo halisafishwi kwa kitambaa chochote.